Moyo wa Bunduki ya Kuwindia

Watu wengi waonapo bunduki nzuri ya kuwindia husifu kwanza mti wake uliong'arishwa kwa mafuta, kisha urefu wa mtutu. Fundi wa bunduki haanzi huko. Yeye hufungua komeo, huchungulia ndani, na huuliza: mtambo huu ni wa kiwanda gani, nao ulitengenezwa mwaka gani? Mti ukipasuka hubadilishwa, na mtutu ukichakaa hutiwa mwingine. Lakini mtambo ukiwa mbovu hakuna bunduki.

Mtambo ni kile chuma cha katikati chenye komeo liendalo mbele na nyuma. Komeo hutia risasi katika mtutu, huifunga isirudi nyuma baruti ilipukapo, kisha hulivuta ganda tupu na kulitupa nje. Kazi hizo tatu ni nyepesi kuzitaja. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa katika vichaka vya mlima Eburru, usio mbali na Gilgil, moja ikishindikana mtu hufa. Wala mwenye bunduki hakuwa peke yake katika hatari hiyo. Siku za safari za zamani mfuata nyayo alitangulia akiinamia ardhi, na mchukuzi wa bunduki alisimama ubavuni pa bwana wake akiwa na bunduki ya pili, asiyoruhusiwa kuipiga bila amri. Watu hao walikuwa Waafrika, na ni nadra kwamba yeyote wao aliulizwa shauri siku mtambo uliponunuliwa.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipita katika Bonde la Ufa akawinda viboko ziwani Naivasha. Bunduki zake kubwa tatu ni kama darasa la mitambo. Ya kwanza ilikuwa Springfield ya komeo. Ya pili ilikuwa Winchester ya mwaka 1895, inayoendeshwa kwa wenzo chini ya mkono, ambayo aliipenda sana kwa simba. Ya tatu ilikuwa Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya rafiki zake wa Uingereza. Bunduki ya mitutu miwili ina fadhila kubwa: risasi ya pili iko tayari bila kuvuta kitu. Lakini bei yake haikuwa ya mkulima, hata mkulima wa Kizungu, na risasi mbili zikiisha ni lazima kuivunja katikati na kutia nyingine. Wenzo nao ni wa haraka, ila hauna nguvu ya kung'oa ganda lililovimba kwa joto kama lilivyo nayo komeo.

Basi wengi walirudi kwenye komeo, na katika makomeo walirudi kwa Mjerumani Paul Mauser wa Oberndorf. Mtambo wake uliochukuliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898 una meno mawili mazito mbele, na jino la tatu nyuma la kusaidia hayo yakivunjika. Una matundu ya kupitishia moshi pembeni, fataki ikipasuka, usimrudie mpigaji machoni. Zaidi ya yote una ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa komeo. Risasi itokapo katika kisanduku, ukucha huishika kitako mara moja na hauiachi mpaka itupwe nje. Faida yake huonekana pale mtu anapotishika. Akisukuma komeo nusu, kisha akalivuta nyuma kwa hofu, risasi ile hutoka nalo. Katika mtambo usio na ukucha wa namna hiyo, risasi ya kwanza yaweza kubaki mbele na ya pili ikaja kuigonga kisogoni. Zote mbili hukwama, na nyati hangoji.

Ubora huo ulijulikana sana hata Marekani iliilipa kampuni ya Mauser dola 200,000 kwa kutumia hati zake katika bunduki ya Springfield. Kampuni ya Winchester ilitia ukucha kama huo katika mtambo wake wa Model 70 mwaka 1936, ikauondoa mwaka 1964 ili kupunguza gharama, na baada ya manung'uniko ya wawindaji ikaurudisha miaka ya 1990. Hiyo ndiyo sababu mtambo uliotengenezwa kabla ya 1964 huuzwa ghali hata leo.

Jambo la pili ni urefu. Risasi ya .30-06 ina urefu wa milimita 85, na mtambo wa kawaida wa Mauser huikaribisha kwa shida kidogo. Risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, ina milimita 91, na ya .416 ya Rigby ya mwaka 1911 ina milimita 95. Hizo zataka mtambo mrefu, ambao ni adimu. Wengine waliuchonga mtambo mfupi ili uzipokee, wakaondoa chuma mahali penye kuhitaji nguvu. Afadhali walionunua mitambo ya Enfield ya vita vya 1914 hadi 1918, iliyokuwa mirefu tangu mwanzo, na walioingoja .458 ya Winchester ya mwaka 1956, yenye nguvu ya kumwangusha tembo na urefu wa .30-06 tu. Lee-Enfield ya .303, waliyoichukua askari wa KAR, ni ya haraka na haichoki kwa vumbi, lakini hufungwa kwa nyuma, nayo haifai kubebeshwa risasi kubwa.

Tena kuna ugonjwa usioonekana. Mwaka 1917 baadhi ya mitambo ya Springfield ilipasuka. Ilionekana kwamba wahunzi wa kiwanda walipima joto la chuma kwa jicho, na siku ya jua kali chuma kilichoiva huonekana kama bado, kikaunguzwa. Wahunzi wetu wa zamani, waliofua vivulini, wangaliweza kuwaambia. Mitambo ya kiwanda hicho iliyo chini ya namba 800,000 hutiliwa shaka hadi leo. Na bunduki ya Roosevelt, iliyotengenezwa mwaka 1903, ilikuwa katika kundi hilo.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na hakuna anayeruhusiwa kutengeneza wala kugeuza bunduki bila idhini ya sheria. Lakini Tanzania wawindaji wenye leseni wangali wakibeba mitambo hiyo, mingine mikongwe kuliko wao. Kabla ya kuinunua, fundi huijaribu kwa risasi zisizo na baruti wala fataki. Husukuma komeo polepole, kisha kwa haraka, kisha huipindua bunduki juu chini na kusukuma tena. Mauser nzima hulisha zote hata ikiwa imepinduliwa. Ikikwama mara moja katika ishirini, fundi huirudisha mezani, hata mti wake uwe mzuri namna gani.