Kuweka Raketi, Kushika Fimbo ya Gofu



Dominika iliyopita baba mmoja wa parokia yetu hapa Kisangani alinijia baada ya Misa, uso wake umekunjamana. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na sita, hodari wa kandanda, ameazimu kuuacha mpira wa miguu ajifunze mpira wa kikapu. "Mwalimu," akasema, "mtoto huyu ni kama nyani: leo tawi hili, kesho lile. Leo anaacha mpira, kesho ataacha shule, kesho kutwa ataacha sala. Umkemee." Nilimwomba anipe siku chache nifikiri. Jibu langu nalitoa mbele yenu nyote, maana si yeye peke yake aulizaye.

Mwaka 1927, katika jimbo la South Carolina, Marekani, alizaliwa binti aitwaye Althea Gibson, mtoto wa wakulima maskini wa pamba. Jamaa yake walihamia New York, na huko akajifunza kupiga mpira mdogo barabarani, pamoja na watoto wa mtaa. Siku zile watu weusi hawakukubaliwa katika mashindano makuu ya tenisi ya nchi yao. Yeye ndiye aliyeufungua mlango huo mwaka 1950. Mwaka 1956 alishinda Ufaransa. Mwaka 1957 alishinda Wimbledon, Uingereza, na Malkia Elizabeth mwenyewe akamkabidhi tuzo. Mwaka 1958 akashinda huko tena.

Lakini vikombe haviliki. Zama hizo washindi wa mashindano hayo hawakulipwa fedha. Wachezaji wa kulipwa walikubaliwa humo tangu mwaka 1968 tu. Althea akaondoka, akazunguka akicheza tenisi ya maonyesho apate riziki. Hatimaye, mwaka 1964, alipokuwa na umri wa miaka 37, aliingia katika mashindano ya gofu ya wanawake wa kulipwa, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mahali pengine alikatazwa kuingia katika nyumba ya chama, akabadili viatu ndani ya motokaa yake.

Je, alipata utukufu ule wa kwanza? La. Katika gofu hakushinda shindano hata moja. Mwaka 1970 alikaribia mno: wachezaji watatu walilingana, naye akashindwa katika mchezo wa kuamua. Nawaambieni jambo hili waziwazi, ili kijana yeyote asidhani kwamba aliyeshinda hapa atashinda na pale. Mkono uliozoea raketi huanza upya mbele ya fimbo ya gofu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kuamka mapema, kuvumilia dharau na kukubali kufundishwa, hayo Althea hakuyaacha uwanjani pa tenisi. Nao wasichana weusi waliomfuata katika gofu walikuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Tuje kwetu Kongo. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kusoma Boboto kwa Mapadre Wajesuiti, katika ujana wake alikuwa mlinda mlango wa kandanda. Baba yake na kaka yake ndio waliomhimiza ajaribu mpira wa kikapu. Mwaka 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, akitaka kuwa mganga. Uganga hakuupata, alipata shahada ya elimu nyingine, kisha akacheza mpira wa kikapu wa kulipwa misimu 18. Hata hivyo hamu yake ya kuponya haikufa: mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa, yenye jina la mama yake, ilianza kupokea wagonjwa. Yeye alifariki mwaka 2024. Hospitali ingali inaponya.

Basi, ndugu yangu mzazi, tusichanganye kubadili na kutangatanga. Mvuvi wa Kigenia pale maporomokoni hasifiwi kwa mgono wake, bali kwa mkono uliofunga vema na jicho lijualo maji. Mwite mwanao, umwulize maneno matatu: Je, unakimbia kazi, au unaifuata nyingine? Je, u tayari kuwa wa mwisho kati ya wale usiowazidi? Je, umemwambia mwalimu wako wa kwanza na kumshukuru? Bwana Wetu alitufundisha kwamba ajengaye mnara huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Mtoto akijibu vema, mwache aende, na umpe mwaka mzima kabla ya kumhukumu. Akijibu vibaya, nitamkemea mimi mwenyewe.

Nami nasema haya si kwa vitabu tu. Nilipotoka seminarini na kushika chaki, wako walionung'unika kwamba nimetupa jembe nikiwa bado shambani. Baba yangu mzazi hakunung'unika. Aliniuliza tu, "Je, huko nako utasali?" Nilipojibu ndiyo, alinibariki.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.