Saa ya chakula ya mlinzi wa getini

Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi

Ndugu Kamishna,

Kampuni nyingi za ulinzi jijini Dar es Salaam, kuanzia magodauni ya Chang'ombe na Mbagala hadi nyumba za Mbezi Beach, zinaendesha zamu mbili: saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, na saa 12 jioni mpaka alfajiri. Lindo moja, mtu mmoja. Kwenye ratiba ipo saa ya chakula. Getini haipo.

Nilikuwa Chang'ombe karibuni, nasubiri mzigo. Saa 7 mchana kijana wa mama ntilie akaleta wali maharage, sahani imefunikwa kwa sahani. Mlinzi akanawa, akaketi, na kabla hajafika mbali honi ya lori ikamwinua. Akajifuta mkono kwenye suruali, akavuta geti, akaandika namba ya gari, akakagua lakiri ya kontena. Aliporudi ikaingia bajaji, halafu bosi naye akatoka. Nilimuuliza kama ile saa analipwa. "Hiyo haihesabiwi, kaka. Ni ya kula."

Inahesabiwa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mapumziko yasiyopungua dakika 60 mtu anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5. Mwajiri anaruhusiwa kumfanyisha kazi wakati huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwenzake. Geti ni kazi ya namna hiyo, sibishi. Ila kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri alipe mapumziko hayo ikiwa mfanyakazi anatakiwa afanye kazi, au awe tayari kwa kazi. Kwa hiyo hata siku ambayo lori halikuja, mlinzi aliyekatazwa kuondoka getini alikuwa kazini.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo penye siri ya ratiba. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu haivuki saa 50 katika wiki nne. Zamu ya saa 12 ukiitoa saa ya chakula, zinabaki saa 11. Kwa siku sita ni 66, yaani 21 za ziada kwa wiki, na 84 kwa wiki nne. Kiwango kimeshavukwa hata kabla ya kuigusa saa ya chakula. Irudishe ile saa ambayo mlinzi hakupumzika: saa 12 kwa siku, 72 kwa wiki, yaani 27 za ziada, na 108 kwa wiki nne. Ratiba nzima imevunja sheria. Neno "mapumziko" linazificha saa 24 kati ya hizo kwenye karatasi, hata pale ambapo hakuna mtu wa kumpokea mlinzi lindo.

Fedha yenyewe si ndogo kwa anayeidai. Mshahara wa msingi ukiwa, tuseme, Sh200,000, saa moja ya ovataimu kwa kiwango cha mara moja na nusu ni kama Sh1,540. Kwa siku 26 za kazi inakaribia Sh40,000 kila mwezi. Kwa mpangaji wa Mbagala, hicho ni chumba.

Wenye kampuni watasema mteja analipia mlinzi mmoja kwa lindo, hataki kusikia habari za wa pili. Ni kweli wateja wanabana, na ofisi za umma zinazokodi walinzi zimo. Lakini hayo ni ya kumalizwa kwenye mkataba wa kampuni na mteja wake, si kwenye sahani ya mlinzi.

Ndugu Kamishna, maafisa kazi wako wakienda kukagua, wakionyeshwa ratiba waombe na daftari la geti. Wasome kilichoandikwa kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Namba za magari, muda na mwandiko ni wa mlinzi yuleyule ambaye ratiba inadai alikuwa amepumzika. Halafu waulize liko wapi tangazo la haki za wafanyakazi, ambalo sheria hiyohiyo inamtaka kila mwajiri alibandike mahali pa wazi. Na kwenye tangazo hilo waongeze kwa kalamu kwamba madai ya malipo yana siku 60 tu kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Walinzi wengi husubiri mpaka wafukuzwe kazi ndipo waulize.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Temeke