Mjusi wa Ulaya analindwa na dawa ya shamba. Mtoto wa mkimbizi je?

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga mijusi na vinyonga nyumbani, namna wengine wanavyofuga paka. Wanyama hao hula wadudu. Lakini mfugaji anayejua kazi yake hampi mjusi wake panzi aliyeokotwa ovyo shambani, kwani panzi huyo anaweza kuwa na dawa ya kuua wadudu mwilini. Ananunua nyenje waliofugwa ndani ya maboksi. Hata nyenje mweusi anayeuzwa sana huko kwa kazi hiyo, ni mdudu anayepatikana Afrika pia.

Basi swali ni hili: ikiwa mjusi analindwa hivyo, juu ya nini mtoto wa familia iliyokimbia vita aachwe akusanye panzi katika shamba la nyanya lililopuliziwa dawa jana?

Hakuna anayekataza kula wadudu. Kivu wanakula senene na kumbikumbi, Katanga wanakula viwavi. Mwaka 2013, shirika la FAO lilisema kwamba aina zaidi ya 1.900 za wadudu huliwa duniani. Toka 2022, Ulaya yenyewe imeruhusu nyenje kuwa chakula cha watu. Kula panzi si aibu. Aibu ni kunyamaza juu ya sumu.

Na wanaonyamaza wanajulikana. Mwenye shamba anabeba pompi mgongoni, anapulizia kabichi, anarudi nyumbani bila kuacha alama yoyote. Muuza dawa anaipima katika kichupa kisicho na karatasi ya maelezo, na mnunuzi haambiwi ni siku ngapi watu wasiguse shamba. Kiongozi wa kijiji anaona watoto wakiingia na ndoo, anageuza uso.

Mwezi wa pili 2020, nzige wa jangwani walifika kando ya Ziwa Albert, upande wa Ituri. Kongo haikuwa imewaona tangu 1944. Wakati ule, katika nchi zilizopulizia dawa, watu walionywa wasile nzige waliopuliziwa. Kumbe kuonya kunawezekana! Ila kwa panzi wa kila siku, wa shamba la jirani, hakuna anayefungua kinywa.

Wengine watasema njaa haichagui, na mababu walikula panzi bila shida. Ni kweli mababu walikula. Lakini mababu hawakuwa na pompi. Na mama anayefikiri kwamba kuosha na kukaanga kunamaliza sumu anadanganyika: sehemu yake inaweza kubaki, na mwili mdogo wa mtoto ndio unaoumia kwanza.

Mambo matatu yafanyike, na hayaombi pesa nyingi. Kwanza, kila shamba lililopuliziwa liwekewe kitambaa chekundu, na habari itangazwe kanisani, msikitini, sokoni na kwenye redio. Pili, muuza dawa asiuze bila kueleza. Tatu, mashirika yanayosaidia wakimbizi yafundishe wamama kufuga nyenje. Kunahitajika boksi lenye kifuniko cha wavu, vibao vya karatasi vya kuwekea mayai ya kuku ili wajifiche, maji kidogo, majani yasiyo na dawa, na sahani ya mchanga wenye unyevu ambapo wanataga. Penye joto la digrii 30 hivi, wanakomaa kwa juma 6 mpaka 8. Huko milimani kwenye baridi wanakawia, kwa hiyo boksi likae karibu na jiko.

Ufugaji huo hautamaliza njaa, wala hauchukui nafasi ya amani na ya kurudi kwenye mashamba yao. Lakini familia iliyopoteza nyumba, mifugo na mavuno isiongezewe sumu katika sahani. Ulinzi anaopata mjusi ndani ya boksi la kioo, mtoto wa Kongo aupate pia.