Snapshoti Si Bekapu, na LVM Ingetuambia Mapema

Leo nina neno na LVM, ile programu ya Linux inayokuwezesha kugawanya diski katika volyumu na kuzipanua bila kuizima mashine. Msinielewe vibaya, naipenda, na seva zangu zote zinaitumia. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu 2021 na leo nalitema.

Nilikuwa nimehitimu miezi michache tu, nikapewa kazi ya kusasisha hifadhidata ya muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi. Volyumu yake ilikuwa ya gigabaiti 60. Kabla ya kugusa chochote nikapiga snapshoti ya gigabaiti 5, nikajiambia kikiharibika kitu nitarudi nilikotoka. Sasisho likaanza kujenga upya majedwali, likakwama katikati. Nikaandika lvconvert --merge ili nirudi nyuma. Ikakataa. Snapshoti ilikuwa imeshakufa zamani.

Bekapu ya kweli ya mwisho ilikuwa ya siku tisa nyuma. Mimi na makarani wawili tulikaa wikendi nzima tukiingiza risiti moja moja kutoka vitabu vya kaboni. Kuna watu waliochukua saruji kwa mkopo ambao karatasi zao hatukuzipata. Hasara hiyo mteja aliila yeye, si mimi.

Kilichotokea ni hiki. Snapshoti ya kawaida ya LVM hainakili diski. Inasubiri. Kila kipande cha data kinapotaka kuandikwa upya, kile cha zamani hunakiliwa kwanza kwenye nafasi uliyoitengea. Ukiipa gigabaiti 5 na kazi yako ikabadilisha 6, nafasi inajaa na snapshoti nzima inabatilika, si ile gigabaiti ya ziada peke yake. Volyumu yenyewe inabaki salama, ila kwangu "salama" ilimaanisha nusu mpya nusu ya zamani.

Ukiuliza wakongwe watakuambia hilo linajulikana, na dawa ipo. Kweli ipo. Katika lvm.conf kuna snapshot_autoextend_threshold: weka 70, na snapshoti ikifika asilimia 70 itaongezewa nafasi, mradi kundi la volyumu lina nafasi ya akiba na dmeventd inaendesha ufuatiliaji. Lakini thamani inayokuja nayo ni 100, maana yake imezimwa! Dawa imo kabatini na kabati limefungwa.

Najua utetezi wake. Nafasi ya diski ni ya msimamizi, programu isiitumie bila ruhusa. Sawa, nakubali nusu. Basi angalau ipige kelele. Ukitumia volyumu nyembamba, zile za thin, LVM inakuonya kwamba hujawasha kinga ya kujaa. Mimi siku ile, na snapshoti yangu ya kawaida, sikuona onyo lolote.

Na msiniambie haiwezekani kubadilika. Kwa miaka mingi lvreduce ilikuwa ikikata volyumu bila kujali mfumo wa faili uliomo ndani, na dawa ikawa kukumbuka kuongeza --resizefs. Wangapi walisahau? Tangu toleo la 2.03.17 la mwaka 2022, lvreduce inaangalia kwanza kama mfumo wa faili unatumia sehemu inayokatwa, na ikikuta hivyo inakataa. Tatizo lililojulikana miaka yote hiyo lilitoka kwenye kumbukumbu za watu likaingia kwenye programu. Hapo ndipo mahali pake.

Kwa wakati huu, nyinyi mnaotumia: njia rahisi kuliko zote ni kuipa snapshoti ukubwa unaozidi kidogo ule wa volyumu yenyewe. Hapo haijai hata data yote ikiandikwa upya. Kama nafasi haitoshi, endesha lvs mara kwa mara na uangalie safu ya Data%. Pia nakilini /etc/lvm/archive kwenye mashine nyingine. Humo ndimo vgcfgrestore inapopata ramani ya zamani ya volyumu, na haina faida ikiwa imekufa pamoja na diski.

Yule mteja bado ni wangu. Dampu ya hifadhidata yake huondoka kila usiku kwenda seva nyingine, na mmoja wa wale makarani hunipigia simu kila Ijumaa kuniuliza kama imeondoka.