Kinga ya Hospitalini Isisubiri Mlipuko

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi walikabidhiwa mabomba matano ya sindano kila asubuhi. Hayohayo matano yalihudumia wagonjwa wa nje, waliolazwa na wajawazito. Mmoja akishachomwa, sindano ilisuuzwa kwenye maji ya vuguvugu, kisha akaitwa anayefuata.

Mwishoni mwa Agosti alifika mwanamume mwenye homa, akachomwa sindano ya malaria na kurudi nyumbani. Ugonjwa uliozuka baada ya hapo ndio ulimwengu ukaja kuujua kwa jina la mto wa eneo lile, Ebola. Waliougua walikuwa 318, na waliofariki 280. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kwamba kati ya wagonjwa 288 ambao njia ya kuambukizwa kwao iliweza kujulikana, 85 walikuwa wamechomwa sindano hospitalini hapo. Watumishi wa hospitali walikuwa 17, na 11 kati yao wakafa. Hospitali ilipofungwa, mlipuko nao ulianza kufifia.

Ni rahisi kuwanyooshea kidole wauguzi wa Yambuku. Lakini muuguzi aliyepewa mabomba matano kwa foleni ya watu wengi alikuwa amekwishaamuliwa cha kufanya na stoo kabla hajamgusa mgonjwa wa kwanza. Hapo ndipo mjadala wa maambukizi hospitalini unapotakiwa kuanzia: kwenye ununuzi, kwenye bomba la maji, kwenye bajeti. Kwa bahati mbaya, katika nchi nyingi za ukanda huu mjadala huo huanza pale ugonjwa wa kutisha unapotangazwa, na huisha siku mlipuko unapotangazwa kwisha.

Afrika Mashariki na jirani zake wana sababu zote za kulijua hili. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dk. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiiongoza hospitali ya Lacor, aliutambua ugonjwa mapema, akatenga wodi na kuwapanga watumishi wake kabla majibu ya maabara hayajafika. Watu 425 waliugua na 224 wakafariki. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi wa Lacor, na tarehe 5 Desemba Lukwiya mwenyewe. Mwaka 2023 Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, ilizuka mkoani Kagera, Tanzania, na mhudumu wa afya akawa mmoja wa waliopoteza maisha. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Rwanda. Kati ya wagonjwa 66 waliothibitishwa, karibu asilimia 80 walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao kutoka hospitali mbili za Kigali. Rwanda iliudhibiti ugonjwa huo kwa miezi michache, na vifo vikaishia 15. Hata hivyo, takwimu ya wahudumu inabaki palepale: virusi vilipenya kwa watu walewale waliokuwa wakiokoa wengine.

Magonjwa haya huandikwa kwenye kurasa za mbele. Yanayoua kimyakimya hayaandikwi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji kidonda chake kinatunga usaha. Mtoto njiti anapata maambukizi ya damu akiwa bado wodini. Mzee aliyewekewa mpira wa mkojo anapandisha homa wiki moja baadaye. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwenye hospitali za nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata walau ambukizo moja humohumo hospitalini. Katika nchi tajiri ni saba. Kwa wastani, mmoja katika kila kumi wanaopata maambukizi hayo hufa. Wengi wa wanaopona hurudi nyumbani wakiwa wametumia dawa kali na ghali, na kila dozi ya namna hiyo huwapa bakteria nafasi nyingine ya kujenga usugu.

Ushahidi wa tiba ya tatizo hili haujaanza jana. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kuwa wazazi waliohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa zaidi kuliko waliohudumiwa na wakunga. Madaktari hao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja leba. Aliwaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili vifo katika wodi yao vilizidi asilimia 18 ya wazazi. Kufikia Juni vilikuwa vimeshuka hadi asilimia mbili na kidogo. Wakubwa wake hawakumsikiliza, akafa mwaka 1865 bila heshima aliyoistahili.

Leo hakuna daktari anayebisha kuhusu kunawa mikono. Kinachobishaniwa, tena kwa vitendo, ni nani alipie maji. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa nusu ya vituo vya afya duniani havikuwa na huduma za msingi za usafi, yaani maji na sabuni au kitakasa mikono mahali mgonjwa anapohudumiwa, na pia vyooni. Muuguzi anatakiwa kusafisha mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi isiyotaka vijidudu kama kuweka dripu, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Ikiwa sinki moja liko mwisho wa korido na wodi ina wagonjwa 40, kanuni hiyo inabaki kuwa bango la ukutani. Glovu nazo hazijazi pengo hilo, kwani glovu iliyovaliwa kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha kumi huhamisha vijidudu kama mkono mchafu.

Wapo wanaosema fedha hazitoshi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haina uzito wa kutosha. Shirika la Afya Duniani limechapisha fomula ya kitakasa mikono inayoweza kutengenezwa palepale hospitalini kwa spiriti, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa. Kutumia kitakasa hicho huchukua sekunde 20 hadi 30, na hakihitaji bomba. Boksi la kutupia sindano lililotupwa likiwa limejaa robo tatu humkinga mfagizi asichomwe. Gharama ya vitu hivi ni ndogo mbele ya gharama ya mgonjwa mmoja anayeongezewa wiki mbili za kulazwa.

Kinachohitajika ni vitu hivi kuwa na fungu lake la kudumu. Nchini Tanzania, halmashauri zina Mpango Kabambe wa Afya unaoandaliwa kila mwaka. Sabuni, klorini, glovu na matengenezo ya mabomba ya maji viwemo humo kwa majina na kwa viwango, visisubiri mfadhili wa dharura. Mganga mfawidhi apimwe pia kwa idadi ya vidonda vya upasuaji vilivyotunga usaha wodini kwake, na idadi hiyo isomwe mbele ya kamati ya kituo. Mfagizi na mfuaji wa mashuka wapewe mafunzo, mabuti na chanjo ya homa ya ini B kama wanavyopewa wauguzi, kwa sababu sindano iliyosahaulika kwenye shuka haichagui cheo.

Ndugu wa wagonjwa nao wana sehemu yao. Katika wodi nyingi wao ndio hulisha, huogesha na kugeuza mgonjwa, na mikono yao hupita kitanda hadi kitanda. Waonyeshwe pa kunawa siku ya kwanza. Nao wasione haya kumwambia daktari, kwa adabu, anawe kwanza.

Madiwani wanaojadili bajeti ya afya mwaka huu waanze kwa kuuliza swali moja kuhusu kila zahanati na kila hospitali katika eneo lao: leo hii, kwenye chumba cha kujifungulia, maji yanatoka? Pale jibu litakapokuwa hapana, fedha za mwanzo ziende huko.