Huruma ya Stowe na Kalamu ya Harriet Jacobs

Riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, iliyotoka Marekani mwaka 1852 na kuuzwa nakala kama 300,000 nchini humo katika mwaka wake wa kwanza, iliwatia majonzi watu wengi ambao masaibu ya watumwa hayakuwa yakiwashughulisha, na fadhila hiyo siikani. Stowe, aliyekuwa mama aliyefiwa na mwanawe, alifahamu kwamba aliyekuwa kiziwi kwa hoja za sheria huenda akasikia kilio cha mama anayenyang'anywa mtoto. Lakini tazama huruma ile ilivyogawanywa. Mtumwa Eliza na mumewe George, ambaye weupe wake ulimwezesha kujifanya Mhispania, wamepewa ujasiri na njia ya kutoroka. Tom, mweusi hasa, amepewa subira na mauti. Topsy, mtoto mweusi, amefanywa kichekesho kabla ya kupendwa. Na Eliza na George walipokwisha kuwa huru, mwandishi hakuwaona kuwa na makao Marekani, akawapeleka Liberia.

Dharau hiyo ilidhihirika hata nje ya riwaya. Harriet Jacobs, mzaliwa wa utumwani North Carolina, aliyejificha karibu miaka saba katika kijichumba cha darini kwa bibi yake mzaa mama, asimoweza kusimama wima, ili amwepuke bwana aliyeutamani mwili wake, aliomba msaada wa Stowe apate kusimulia maisha yake. Naye Stowe akataka kuyatia katika kitabu chake mwenyewe, tena akampelekea siri zake mwajiri wa Jacobs, bila ya idhini, ili azihakikishe. Mwanamke aliyetetea staha ya wanawake watumwa hakuisitiri staha ya huyu mmoja aliyemjia.

Jacobs akaandika mwenyewe, usiku, baada ya kazi ya ulezi wa watoto wa watu. Katika kitabu chake cha mwaka 1861 alithubutu kusema kwamba mwanamke asiyelindwa na sheria yoyote hastahili kuhukumiwa kwa mizani ya wanawake waliohifadhiwa nayo. Kauli hiyo, kwangu mimi, yapita kurasa zote za machozi za Stowe, na mwanafunzi wa fasihi ya utumwa angefaa aanze nayo. Hata hivyo, wataalamu wengi walikishuku kitabu hicho, wakidhani kuwa ni kazi ya mhariri wake mzungu, Lydia Maria Child, mpaka miaka ya 1980, msomi Jean Fagan Yellin alipozitoa barua za Jacobs kuwa ithibati.