Feni ya kompyuta na masikio ya mwanao
Kompyuta ya michezo iliyotulia kwenye baridi ya Mbinga, ikishushwa Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa huanza kuvuma. Hewa ya huko ina joto, na kijana akiiongezea kadi ya picha kasi kupita ile ya kiwandani, feni huzunguka mbio zaidi. Kelele hiyo yenyewe haitishi. Tatizo ni hedifoni: kijana hupandisha sauti ili aishinde feni. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Chembe za kusikia zikifa hazioti tena. Mzazi, usimfokee, mwambie arudishe kasi ya awali, aizime afute vumbi, aitoe kabatini, kisha asikilize tena. Masikio yakiendelea kulia “nziii” baada ya mchezo, mpeleke hospitali.